Majirani wa Kwenye Fuwele

Gauni lilikatwa kabla vidole vya Mjomba havijafa. Mjomba alilikata kwa mkono wake, akalipiga bandi, ule mshono wa muda, kwa uzi mwekundu, akalikunja ndani ya shuka safi na kuliweka juu ya kabati. Likabaki huko. Harusi ya mpwa wake ilisogea karibu, gauni halikusogea.

"Mpe fundi wa jirani alimalizie," mpwa wake alimwambia siku moja, kwa upole, kama mtu anayenyata.

"Nani? Bwana Zipu?" Mjomba aliruka. Mjomba ndiye aliyembandika fundi wa chumba cha pili jina hilo kwa sababu, kwa maneno yake, hajawahi kumwona akishona kitu zaidi ya zipu za suruali. "Nimlee mtoto tangu mama yake afariki, halafu gauni lake akalishone Bwana Zipu? Bora uolewe umejifunga shuka!"

Walicheka. Kisha wote wawili wakaitazama mikono ya Mjomba, imelala juu ya cherehani kama glavu alizosahau mtu mwingine.

Ugonjwa ule ulikuwa wa ukoo. Ulianzia kwenye vidole vya miguu, kama sisimizi, ukapanda taratibu mpaka ganzi ikaingia mikononi. Mjomba sasa alishika kikombe kwa macho. Akigeuza uso, kikombe kinaanguka. Dada yake, mama wa huyu binti, aliondoka kwa ugonjwa huo huo. Binti mwenyewe alipimwa akakutwa salama, na mpaka leo usalama huo aliuona kama sahani ya nyama aliyopakuliwa peke yake mbele ya wenye njaa.

Ndiyo maana alisoma alichosoma. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kutazama nani anamgusa nani ndani ya protini. Mjomba alipomuuliza hiyo ni kazi gani, alichukua mkufu wa shanga akamwonyesha. Protini ni uzi wa shanga, alimwambia, na kila shanga inaitwa asidi amino. Uzi huo haukai umenyooka, unajikunja kama uzi uliotupwa kikapuni, na shanga ya mwanzo inajikuta bega kwa bega na shanga ya mwisho. Kule kugusana ndiko kunakolishika umbo. Tangu siku hiyo Mjomba akawa anamwita Bi Shanga.

Kwa watu wa ukoo wao shanga moja ilikuwa imebadilika. Mahali pa shanga nene imekaa nyembamba, kama pengo la jino, na wenzake waliokuwa wanaiegemea wamelegea. Protini inafumuka, mabaki yake yanaganda kwenye mishipa ya fahamu, na fundi anashindwa kuhisi sindano.

Bi Shanga aliitafuta shanga ile kwenye picha ya protini, akaiambia programu imtajie kila aliyeigusa. Wenzake wengi walikuwa mbali mno. Mmoja tu, mwenye mkono mrefu, alikuwa ameinyooshea mkono na kuishika. Moyo ukamruka. Mshiko ule ukikazwa kwa dawa, kama unavyokaza vazi kwa kifungo, pengine protini isingefumuka tena.

Hakusubiri. Alikwenda kwa Mjomba siku hiyo hiyo, hata koti la maabara hakulivua vizuri.

"Mjomba, tumempata anayeishika!"

"Nani anayeshika nini?"

"Shanga yako. Kuna anayeishika."

Mzee yule aliweka kichwa juu ya cherehani akalia. Kisha akafuta macho, akapandisha kiti, akalishusha gauni kutoka kabatini.

Wiki iliyofuata mkuu wa maabara, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, alivuta kiti karibu na Bi Shanga.

"Huyu mwenye mkono mrefu," alisema, "ni wa nyumba hii hii, au ni jirani?"

"Ni wa uzi huu huu. Namba yake hii hapa."

"Namba naiona. Nauliza ni wa nakala ipi."

Bi Shanga akaelewa swali. Ili protini ipigwe picha kwa mionzi, kwanza inagandishwa iwe fuwele, mfano wa punje ya chumvi. Humo ndani nakala zake zinapangwa kama matofali kwenye lori, zote sawa, zote zina namba zile zile, na bega la huyu linamgusa yule kwa sababu tu wamebanwa. Kwenye damu kila moja inaelea kivyake. Na yeye, siku ile alipoendesha hesabu, aliiacha programu ihesabu mpaka majirani wa ng'ambo ya ukuta.

Akawazima majirani, akaendesha upya. Kwenye orodha, mstari wa mwenye mkono mrefu haukuwepo. Shanga yao ilibaki ukingoni, wazi, juu yake hakuna mtu.

"Usijichukie," mkuu alisema. "Kosa hili limewapata wengi kabla yako."

"Hao wengi hawakuwaambia wajomba zao."

Mama yule alivua miwani. "Ulimwambia?"

Bi Shanga alizima kompyuta, akachukua mkoba wake.

Njiani aliwaza kunyamaza. Angoje harusi ipite, aongee baadaye. Lakini gauni lingengoja vidole ambavyo havitapona? Mbele ya chumba cha Mjomba alimkuta Bwana Zipu amesimama mlangoni pake, mita imemning'inia shingoni, anasikiliza.

"Anashona," Bwana Zipu alinong'ona. "Tangu asubuhi cherehani inalia, inanyamaza, inalia. Mimi nimeogopa kuingia."

Mjomba alikuwa ameinama, ulimi umetoka kidogo pembeni, kitambaa cheupe kimemwagika mpaka sakafuni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama! Njoo uone. Vidole vinaamka! Jana nilisikia kitu kama kuchomwa hapa. Kama sindano kabisa. Wewe na shanga zako, Mungu akuweke."

Mshono aliouonyesha ulikuwa unayumba kama njia ya kondoo. Na kando yake palikuwa na doa jekundu, na jingine, na jingine. Bi Shanga alikishika kidole gumba cha Mjomba, akakigeuza. Sindano ilikuwa imepita kwenye nyama, damu ilikuwa bado inatoka, na mwenye kidole alikuwa anatabasamu.

Alikifunga kwa kipande cha kitambaa. Mjomba ndipo akatazama chini akaona. Tabasamu likabaki usoni muda kidogo, kama mgeni asiyejua wenyeji wamekwenda kulala.

"Mjomba. Kitendawili."

Toka utotoni mwake walikuwa wanategeana. Ndivyo Mjomba alivyomlaza usiku wa kwanza bila mama.

"Tega," alisema, sauti imeshuka.

"Wamebanana bega kwa bega, ukiwafungulia mlango hakuna anayemjua mwenzake."

"Wagonjwa kwenye benchi la hospitali."

"Sio hao."

"Basi nimeshindwa. Twaa mji."

"Ni shanga yako, Mjomba, na yule niliyesema anaishika. Walikuwa wamebanwa kwenye fuwele tu. Ni jirani. Kwenye damu yako hayupo. Nilikosea hesabu."

Nje mtu alipita akiburuta ndoo. Mjomba alisikiliza mpaka ndoo ikafika mwisho wa uchochoro.

"Kwa hiyo hakuna anayeishika."

"Hakuna."

"Na ile niliyosikia jana?"

Bi Shanga alitaka kusema pengine. Neno lilikuwa mdomoni, tayari. "Sijui, Mjomba," akasema. "Ila haikutokana na kazi yangu."

"Lete kiwembe," Mjomba alisema. "Fumua hicho nilichoshona. Taratibu, usinichanie kitambaa. Bandi usiiguse."

Alifumua. Mjomba alimwelekeza kwa kidevu, hapa, hapo, vuta kwako. Madoa waliyasugua kwa maji baridi, yakafifia, hayakutoka. Walipomaliza, Mjomba akapaza sauti ambayo Bi Shanga hakuwahi kuisikia kinywani mwake.

"Jirani! Hebu njoo."

Bwana Zipu aliingia amevua viatu. Alipokea gauni kwa mikono miwili, akalikunjua kwenye mwanga, akafuata uzi mwekundu kwa kidole kutoka bega hadi pindo.

"Fundi," alisema, "mkato huu hata kipofu angeushona."

"Basi lishone, kipofu."

"Haya madoa nitayaingiza ndani ya mshono. Hayataonekana."

"Zipu weka ya kujificha."

"Zipu niachie mimi," Bwana Zipu alisema, na hakuna aliyecheka. Akatoka na gauni amelibeba kifuani kama mtoto aliyelala.

Kabati lilikuwa tupu juu yake. Mjomba aligeuza kiti, akatazama dirishani, ambako giza la mvua lilikuwa linakusanyika juu ya mabati. Bi Shanga alivuta kigoda, akauchukua mkono wa kulia wa Mjomba akauweka katikati ya viganja vyake. Ulikuwa wa baridi. Aliubana sana, kama anayeukamua.

"Bi Shanga," Mjomba alisema, macho bado nje. "Kitendawili."

"Tega, Mjomba."

"Ninao, sinao."

Jibu alikuwa amelishika viganjani. Alimtazama usoni, akaona hajui kwamba ameshikwa. Hakuwa ametazama chini, na kwake yeye mkono ule ulikuwa bado umelala juu ya cherehani.

"Nimeshindwa," Bi Shanga alisema. "Twaa mji, Mjomba. Twaa yote."

Mvua ikaanza. Cherehani ya Bwana Zipu ikasikika ukutani, ikaenda bila kusita.