Ulimi wa Glenys Oldroyd

Glenys Oldroyd alikuwa na kithembe tangu utotoni, na pale kwenye klabu yetu mjini Grimsby hatukumpa nafasi ya kukisahau. Kwa miaka ishirini alichana tikiti mlangoni na kuosha glasi, huku roho yake ikiwa kwenye kiti cha jukwaani anapokaa mtangaza namba za bingo, ule mchezo wa kuweka alama kwenye kadi namba yako ikitajwa. Alikiomba mara moja tu. Desmond Pickersgill, aliyekuwa mtangazaji wetu, akamwambia mbele ya watu, "Glenys, mpenzi, hebu tamka kwanza sitini na sita."

Ikatoka "thitini na thita." Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nilicheka. Alirudi kwenye glasi zake, hakuomba tena.

Jirani yake, Wilf Thackray, alikuwa mgane wa miaka sitini na minane. Alikuwa amesikia kwenye mtandao kwamba mtu akibandika ulimi juu kwenye kaakaa mchana kutwa, na akitafuna vitu vigumu, taya hupanuka na uso hunyooka. Basi akawa anatafuna mikate iliyokauka na karoti mbichi, na kila Jumapili anajipiga picha ya ubavuni kando ya friji. Alimwandama Glenys ajaribu naye. Glenys akamjibu kwamba uso wake watu wameshauzoea, hauna haja ya kunyooshwa.

Lakini siku moja, akiwa amekaa na chai yake, alijikuta akichunguza ulimi wake uko wapi. Ulikuwa umelala katikati ya meno, ncha inachungulia nje. Akameza mate, ukayasukuma meno ya mbele. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, na hakuwahi kujua.

Alikwenda kwa mtaalamu wa matamshi. Mama yule alimwambia waziwazi kwamba habari za taya hawezi kumwahidi, ushahidi wake ni mdogo. Ila ulimi unaokaa katikati ya meno huweza kuharibu matamshi, na ulimi hufundishika hata ukubwani. Akampa mazoezi: ncha ikae juu, nyuma kidogo ya meno ya mbele, ameze bila kusukuma, kisha aanze na sauti moja moja.

Glenys alifanya mazoezi miezi minane, kwenye basi, kwenye foleni ya duka la samaki, mbele ya sinki. Kuna siku alilia, maana sauti ilitoka vizuri asubuhi na kuharibika mchana. Wilf ndiye aliyemtia moyo. Kila asubuhi, badala ya kumwamkia, anamwuliza kutoka ng'ambo ya ua wa nyumba, "Ulimi uko wapi?"

"Uko nyumbani," Glenys anajibu.

Februari Desmond alipasuliwa goti, ngazi za jukwaa zikamshinda. Kamati ikauliza nani atashika nafasi yake Alhamisi mchana. Glenys akanyoosha mkono. Watu waliangaliana, lakini hakuna mwingine aliyejitokeza.

Alipanda akiwa amevaa blauzi ya kijani. Namba ya kwanza ilikuwa saba. Akaitamka, ikatoka safi, na nikaona watu wakiinua vichwa kutoka kwenye kadi zao. Akaendelea, kumi na sita, sabini na tatu, hatetereki. Kisha akatoa mpira mwingine, akautazama, akamtazama Desmond aliyekaa meza ya mbele na gongo lake.

"Sitini na sita," akasema, polepole, kila herufi mahali pake.

Desmond akakohoa. "Hebu rudia, mpenzi, sijasikia vizuri."

"Umesikia, Desmond. Weka alama, au huna?"

Ukumbi ulilipuka. Watu waligonga meza kwa kalamu zao, na mimi niliyemcheka miaka ile nilikuwa nimesimama wima napiga makofi hadi viganja vikaniwasha. Desmond mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Glenys alisubiri tutulie, kichwa juu, halafu akatoa mpira uliofuata.

Kamati ilimpa Alhamisi na Jumamosi zote. Wilf alipanga picha zake mezani, akakubali kwamba taya lake ni lilelile la baba yake. Hakusikitika sana, anasema yeye ni mwalimu sasa, na mwanafunzi wake kafaulu. Alhamisi iliyopita watu walijaa hadi tukaazima viti vya kanisani.