Fundo la Kanga ya Kabula

Usiku wa kuamkia leo niliota ni Jumamosi ileile, tarehe tisa Agosti, siku mambo yaliponiharibikia.

Siku hiyo mke wangu Kabula alipanda boti ya kutazama viboko kule bustani ya ziwani. Mimi maji nayaogopa, nikabaki ufukoni. Akavua kanga yake ya mabegani akanipa. "Nishikie, isilowe. Na hilo fundo usilifungue, nitalifungua mwenyewe nikirudi."

Boti ikapinduka, Kabula hakurudi. Majaketi ya kuokolea yalikuwa stoo, stoo imefungwa, wakubwa wako semina. Fundo sijaligusa mwaka mzima. Alilofunga yeye nitalifunguaje mimi?

Basi ndotoni nimefika getini, kanga begani. Mlinzi ni korongo, amevaa kofia ya kazi.

"Mzee Luhende, umesoma kibao?"

"Shule sikukaa sana. Nisomee."

"Usiache kitu chako hapa. Wewe uliacha mke."

"Nimekuja kumchukua."

Anageuza kibao. "Usichukue kitu chochote cha ziwani. Na yeye sasa ni wa ziwani."

"Sasa nifanyeje?"

"Muone meneja."

Mara niko ofisini. Meneja ni kiti kilichovalishwa koti, ili watu wajue yupo. Nyuma ya ukuta majaketi yanagonga mlango wa stoo: "Tufungulieni! Sisi tunajua kuelea!"

"Ufunguo ulikuwa na nani?" nauliza.

"Suala lako lipo kwenye mchakato," kiti kinajibu.

Nikakikalia. Kikaguna tu. Kumbe tuko katikati ya ziwa, mimi na kiti, tunaelea, wala siogopi.

Kabula huyo, amekaa juu ya mgongo wa kiboko, anamkuna sikio.

"Umekonda, baba Ngasa. Unakula nini?"

"Chai."

"Chai si chakula. Lete kanga."

Analifungua fundo kwa meno, kama kawaida yake. Karanga nne.

"Mwaka mzima umezibeba, hata kuchungulia?"

"Ulinikataza."

"Mwanaume wewe!" Anacheka mpaka kiboko anayumba. "Nilitaka tule njiani tukirudi. Zako mbili, zangu mbili."

Tunakula taratibu, zisiishe. Namwambia twende nyumbani. Anatazama kile kibao, kimesimama majini mbele yetu.

"Hawajaruhusu," anasema, ananifuta maganda kidevuni. "Wewe nenda kaniulizie ule ufunguo."

Nikaamka. Kanga ipo msumarini pake. Fundo limefunguka, pembe imelowa, ina alama za meno. Kwenye jino langu la nyuma kimenasa kipande cha karanga.

Nimeshavaa viatu. Naenda ofisini kwao, kanga begani, na kile kiti leo kitanijibu au nitakikalia mpaka jioni. Ufunguo wa stoo ulikuwa na nani?