Santuri za Nabwile na Miwa ya Wakoli

Kila Jumamosi baada ya kufua, Nabwile alikunja mkeka, akapandisha viatu juu ya meza, akafunika debe la unga, kisha akafungua kabati la santuri. Nyumba yake ilikuwa Tuwan, mjini Kitale, vyumba viwili na ua mdogo wa kuanikia nguo. Mtu asiyemjua angedhani anajiandaa kupiga deki, kumbe alikuwa anajiandaa kusikiliza muziki.

Santuri zake zilikuwa na tabia moja. Kila iliyopigwa ilirudisha siku ambayo Nabwile aliinunua. Haikurudisha siku nzima, ila kile kipande ambacho wimbo ungeweza kubeba. Ile aliyoinunua siku ya mvua ya mawe iliangusha mawe sebuleni, na jirani yake Jepchumba, aliyeuza soda pale kwenye kona, alikuja na beseni kuyaokota kabla hayajayeyuka.

"Mama Joy, leo utapiga ile ya barafu?" Jepchumba aliuliza dirishani. "Jua ni kali na stima imepotea tangu asubuhi."

Ile aliyoinunua akitoka Kapsokwony kutafuta vitunguu ilileta ukungu wa mlimani na punda mmoja. Punda alisimama kati ya kochi na ukuta, akaangalia watu, wimbo ulipoisha akaenda zake. Ile ya mapenzi ilimleta Kiptum, aliyemtaka Nabwile kabla hajaolewa, amevaa suruali pana chini na ameshika soda mbili. Mume wa Nabwile, Eliakim, alimnunia Kiptum siku ya kwanza tu. Baadaye alizoea kumwambia, "Karibu, keti," akarudi kusikiliza mpira kwenye redio. Wivu wa nini? Kiptum mwenyewe yuko hai mpaka leo, ana kipara na trekta huko Cherangany, na hajui kwamba ujana wake unanywa soda Tuwan.

Eliakim hakuwahi kununua santuri hata moja. Alikuwa dereva wa lori la mahindi na muziki ulimpa usingizi, jambo ambalo si zuri kwa dereva. Gramafoni ya betri na kila kilichokuwamo kabatini Nabwile alivinunua kwa cherehani yake, kwa kushona sare za shule mpaka vidole vikafa ganzi.

Palikuwa na santuri moja yenye jalada jeupe lisilo na picha. Hiyo haikungoja Jumamosi. Nabwile aliipiga Jumapili baada ya kanisa, mlango ukiwa umefungwa. Sindano ilipogusa tu, pazia la chumbani lilitikisika na binti yake Joy akatoka, ana miaka minne, amevaa gauni la njano. Siku ile dukani Joy ndiye aliyechagua santuri, akainyooshea kidole, na muuzaji alipoijaribu akacheza pale pale mbele ya kaunta. Sasa alicheza vivyo hivyo sebuleni, mabega yakitangulia na miguu ikifuata. Hakusema kitu. Wimbo ulipoisha alirudi nyuma ya pazia, na Nabwile akawasha jiko kupika chakula cha mchana.

Joy alikufa kwa surua mwaka ule ule wa gauni la njano. Walimpeleka nyumbani kwa kina Eliakim, nje ya mji wa Bungoma, na Wakoli, kaka mkubwa wa Eliakim, akaamua azikwe chini kabisa karibu na kijito. Alisema mtoto mdogo wa kike hawekwi karibu na wakubwa. Wazee wengine walisema mila hiyo wanaisikia kwake kwa mara ya kwanza, lakini jembe alikuwa nalo yeye, na mwenye nguvu mpishe. Nabwile alipanda mti wa lusiola pale kichwani pa mtoto ili asipotee. Miaka ilipita, Wakoli akaukata, akapanda miwa mpaka ukingoni mwa maji. Nabwile alipouliza, aliambiwa pale hapana alama ya kaburi. Eliakim alikuwapo siku hiyo na alikuwa anaangalia viatu vyake. Nabwile alimpenda mumewe kwa mambo mengi, na kwa hilo la viatu hakumsamehe.

Mwaka huu, mahindi yakiwa yanatoa ndevu, Eliakim alifariki. Wakoli alikuja Tuwan na pikapu kuuchukua mwili na vyombo vya matanga.

"Mulamwa," alimwambia Nabwile, kwa neno la shemeji kwao, "chifu amekataza disko matanga usiku. Tutacheza mchana, na vijana wa spika wamekataa kuja. Si utupatie hiyo gramafoni yako?"

Nabwile alikubali. Alitaka Eliakim azikwe kwa heshima. "Chukueni, Baba Hillary," alimwambia Wakoli. "Pigeni zote, lakini hii nyeupe msiiguse." Wakabeba kabati zima pamoja na ile nyeupe ndani yake, kwa sababu kubeba kabati ni rahisi kuliko kuchagua.

Siku ya mazishi muziki ulilia vizuri. Mvua ya mawe ilinyesha chini ya hema, watu wakafunika sahani zao kwa mikono wakaendelea kula. Punda wa Kapsokwony alisimama karibu na jeneza na mwinjilisti akaomba huku akimzunguka. Kiptum alipewa ugali na kuku, akala akiwa amebana soda zake kwapani. Watu walisema Eliakim amezikwa na umati.

Siku ya tatu ilikuwa ya kunyoana. Ndiyo siku ya kumaliza matanga: ndugu wananyolewa nywele, mzee anasema maneno, vitu vya marehemu vinagawiwa. Nabwile aliketishwa kwenye mkeka. Dinah, shangazi yake Eliakim, alisimama nyuma yake na wembe na kikombe cha maji. Koti lilikwenda kwa mmoja, baiskeli kwa mwingine. Wakoli akaweka mkono juu ya gramafoni.

"Na hii pamoja na nyimbo zake itabaki kwa hii boma," alisema. "Ni kitu ya marehemu."

"Si ya marehemu," Nabwile alisema. "Ni yangu."

Watu walicheka kidogo. Wakoli naye alicheka.

"Mulamwa, si tuongee ukweli. Mwanamke wa kununua santuri umemuona wapi?"

"Kwa kioo."

Mzee Wakhungu, aliyekuwa anaendesha kikao, alikohoa na kicheko kikaisha. Nabwile hakuinuka kwenye mkeka.

"Chukua yoyote upige," alimwambia Wakoli. "Ikitoa siku ya Eliakim, beba zote. Ikitoa siku yangu, utanifungia kabati langu vile ulilitoa."

Wazee waliona hiyo ni haki. Wakoli alipekua kabati, na hapo ndipo alipokosea. Aliwaza kwamba kitu ambacho mke anakataza watu wasiguse lazima kiwe ndicho kipenzi cha mume. Akatoa jalada jeupe.

"Hiyo acha," Nabwile alisema.

"Ati niache? Umesema yoyote."

Akaiweka, akashusha sindano. Wimbo ukaanza na watu wakangoja. Kule Tuwan Joy alikuwa akitoka nyuma ya pazia. Hapa alitoka ndani ya miwa, na alichukua muda, maana kutoka kijitoni mpaka uani ni kupanda. Santuri iliimba peke yake. Alipofika, wimbo ulikuwa umekwisha, sindano inakwaruza tu. Gauni lake la njano lilikuwa na vumbi na nywele zina vipande vya majani makavu. Alicheza hivyo hivyo bila wimbo. Akina mama wakampigia makofi kumshikia mdundo, kama anavyofanyiwa mtoto yeyote anayecheza mbele ya wageni.

Alipochoka aligeuka kwenda zake. Alifika kwenye ukingo wa miwa, akaangalia huku na huku, akarudi.

"Mama," alisema, "sioni kwangu. Mti hakuna."

Nabwile hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu surua. Kule Kitale mtoto alikuwa anakuja na siku ya dukani tu. Hapa alikuwa ameletwa na wimbo akiwa kwake, na mtu akiwa kwake husema. Nabwile alitaka kulia, hasira ikamzuia.

"Muulize baba yako mkubwa," alisema.

Joy akamwangalia Wakoli. Wakoli alikuwa bado ameshika jalada.

"Mti nilikata," alisema. "Ilikuwa inazuia trekta."

"Na miwa?"

"Miwa ni mimi nilipanda."

"Inawasha," Joy alisema, akajikuna mkono.

Hakuna aliyebisha, maana kila mtu pale amewahi kupita kwenye miwa. Wazee waliinamiana wakanong'onezana kwa muda, kisha Mzee Wakhungu akasimama na fimbo yake.

"Mtoto amesema na sisi tumesikia," alisema. "Santuri ni za mama yake, hiyo imeisha. Mahali pa huyu mtoto pia tumeona, ni kweli ako hapo chini. Lakini miwa iko shambani na kiwanda imeshaihesabu. Mtu hang'oi miwa. Tungoje ikatwe."

Watu waliguna kwa kukubali. Huko Bungoma hata mtoto wa chekechea anajua kwamba miwa ikikatwa huchipua yenyewe bila kupandwa. Mzee Wakhungu alijua hivyo, Wakoli alijua, na Nabwile alijua kwamba wanajua. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Joy alikuwapo, amesimama katikati yao anajikuna, na lake bado halikuwapo.

Dinah alichovya wembe kwenye maji. "Inamisha kichwa, mwanangu, tumalize."

"Hamjamaliza, senge," Nabwile alimwambia, kwa neno la shangazi kwao. "Kunyolewa ni kwa mtu amemaliza matanga. Mimi niko na matanga mawili, na moja mmelifunika na miwa."

"Mjane hakatai wembe."

"Leo umemuona amekataa."

Dinah akaufuta wembe kwa leso, akaukunja kwenye karatasi yake, akamwaga maji.

Nabwile hakurudi Kitale. Alinunua mabati na nguzo, akajijengea kibanda kwenye kipande cha njia kati ya shamba na kijito, mahali ambapo Wakoli hakuweza kusema ni pake wala kusema si pake. Alihamishia cherehani hapo. Jepchumba alimtumia betri kutoka Kitale, pamoja na salamu kwamba soda zinachemka na wateja wamehamia kwa mwingine. Kila asubuhi baada ya chai Nabwile aliipiga santuri nyeupe, na Joy akatoka kwenye miwa. Akacheza, akakaa kwenye mabaki ya vitambaa, akauliza maswali, akarudi ndani kutafuta mahali pake. Siku nyingine alilala hapa, siku nyingine pale, popote palipokuwa na nafasi kati ya mashina.

Watu walizoea upesi. Wanawake wanaoteka maji walimsalimia mtoto, na mmoja alimletea mafuta ya kupaka mikono. Msimu wa kukata ulipofika, wakataji walimwomba asogee, akasogea, wakakata, matrekta yakabeba. Kwa siku chache shamba lilikuwa jeupe na Joy akapaona mahali pake, akalala moja kwa moja bila kuzungukazunguka. Nabwile alikwenda kwa Mzee Wakhungu na kumkumbusha.

"Tulisema tungoje ikatwe," mzee alijibu. "Sasa imekatwa. Lakini imeanza kutoka tena, si umeona? Mtu hang'oi miwa changa."

Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Nabwile ndizi za kubeba, na Nabwile akaziacha kwenye ngazi.

Santuri ilikuwa inachakaa. Kwanza ilianza kuchemka kama mafuta kwenye kikaango, kisha mstari mmoja wa wimbo ukapotea, na Joy naye alipofika mahali hapo alisimama mguu juu mpaka mstari ulipopita. Nabwile aliona. Alikuwa fundi wa nguo, alijua kitu kinachovaliwa kila siku kinaishia wapi. Angeweza kuirudisha Kitale na kuipiga Jumapili tu, mlango umefungwa, imtoshe mpaka uzee. Hakutaka. Mtoto aliyefichwa mara moja anatosha, alisema, na kesho yake akaipiga mara mbili.

Miwa ilipofika kifuani, Wakoli alikuja kibandani. Alivua kofia.

"Mulamwa, watu wa kiwanda wanakuja kuangalia shamba leo. Punguza sauti kidogo, bana. Wasifikirie hapa kuna maneno."

"Watapitia wapi?"

"Si ni hapa. Njia ni hii moja."

Nabwile aliitoa gramafoni nje, akaigeuza spika itazame njia, akazungusha kitufe mpaka kikagoma. Joy alitoka kwenye miwa akijikuna, akasimama katikati ya njia na kuanza kucheza. Gari la kiwanda lilipofika lilisimama, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kupita. Afisa alishusha kioo, akamwambia mtoto hujambo, akaitazama miwa iliyokuwa kushoto na kulia kwake.

"Hii ni mizuri," alimwambia Wakoli. "Endelea hivyo hivyo."

"Asante, mkubwa," Wakoli alisema.

Dereva alizima injini ili wangoje wimbo uishe. Wimbo ulipoisha akashika ufunguo, na Nabwile akarudisha sindano mwanzo.