Maji ya Saa Sita na Nusu

Mjukuu wangu Fahmo alipoleta ndoo na beseni sebuleni kwangu nilidhani anataka kufua. Ilikuwa Jumatatu. Akaweka ndoo ya buluu ya lita ishirini juu ya stuli, beseni chini yake, na ndani ya beseni pampu ndogo kama ngumi ya mtoto. Kulikuwa na mpira wa kupandisha maji, kibomba cha kuyarudisha polepole, boya la kuelea ndani ya ndoo, na kisanduku cha plastiki chenye taa nyekundu. Kisanduku hiki kilipitisha amri tu; waya ukatoka hapo ukaenda kwenye laptopu. Mkeka wangu, ule wa maua ya kijani, aliusukuma kidogo tu, akaniambia nisiguse waya.

"Ayeyo, hapa ni Merti," akasema; Ayeyo ndilo bibi kwa lugha yetu. "Beseni ndiyo kisima, ndoo ndiyo tangi."

Nikatazama. Merti naijua. Marehemu mume wangu alipeleka lori huko miaka kumi na miwili. Sikuona kinachofanana.

Mjukuu wangu huyu anaandika programu. Kisima cha Merti kilikuwa na kisanduku kilichowasha na kuzima pampu chenyewe, na vumbi lilikuwa linakiua. Wazee wa kamati ya maji wakamwambia: kazi hiyo ihamishie kwenye laptopu ya ofisi, tunayoweza kuiona. Walikuwa waje Alhamisi waangalie. Mwenyekiti wao, Mzee Jirma, alisema kwa simu, tena nilimsikia mwenyewe, "Aliyekuja kabla yako alimwaga maji usiku mzima, na mbuzi wakalala na kiu. Yakimwagika hata kikombe mbele yangu, kazi tunampa mtu mwingine."

Kazi yenyewe ilikuwa ya miaka miwili. Fahmo alikuwa ameomba kazi sehemu tisa na hakuna iliyomjibu.

Nikamuuliza ugumu uko wapi, si ni kunakili kutoka hapa kwenda pale, kama tulivyonakili ubaoni shuleni? Akacheka.

"Kile kisanduku cha Merti, Ayeyo, kina kazi moja tu duniani. Boya likipanda ni tukio. Likishuka ni tukio. Kila nusu sekunde moyo wake unapiga, hilo nalo ni tukio. Yanakaa foleni. Moja likiisha kabisa ndipo linaitwa lingine. Lakini laptopu ina mambo mia. Lazima niiombe: tafadhali, nipe mpigo wangu."

"Na ikikataa?"

"Haikatai. Inachelewa."

Sikuelewa, nikaenda kuweka chai. Niliporudi alikuwa ameifanya laptopu itoe sauti kila mpigo, tik, tik, tik, ili asikie kama inachelewa. Kuanzia baada ya alasiri hadi alipoizima Magharibi, nyumba yangu ilikuwa na tik. Boya likipanda, pampu inazima. Maji yakishuka hadi nusu, pampu inawaka. Usiku nilimwota mbu.

Jumanne adhuhuri Fahmo alitoka kwenda kutawadha bombani nje. Mimi nikasali chumbani. Kurudi sebuleni, mkeka unaelea! Ndoo imefurika na pampu bado inasukuma. Nikapiga kelele, Fahmo akakimbia na miguu imelowa, akachomoa waya.

"Umegusa nini, Ayeyo?"

"Sikugusa waya, wala mpira, wala ndoo." Na ni kweli sikuvigusa.

Akakaa chini akasoma maandishi yake. Baada ya saa moja akaanza tena, na ikafanya kazi vizuri kabisa. Alasiri ikafurika tena. Jumatano, adhuhuri, tena! Nikaanza kuamini ndoo ile ina jicho la mtu. Nikaisomea Ayatul Kursi, nikaipangusa, nikaigeuza upande wa pili. Fahmo naye hakula. Alibadilisha foleni, akabadilisha mpigo, akabadilisha waya wenyewe.

"Inaharibika nikiondoka tu," akasema, na macho yalikuwa mekundu. "Nikikaa inatulia. Kama mtoto mtundu. Nitawaambia kesho wasije."

"Usiseme hivyo. Nionyeshe."

"Utaona nini, Ayeyo?"

"Nambari nazijua. Darasa la saba nilimaliza."

Akanigeuzia kioo. Kulikuwa na mistari mingi, na kila mstari una saa yake. Akaniwekea kidole mahali ambapo mistari inakatika. Jumanne inakatika saa sita na dakika thelathini na tano, inaanza tena baada ya dakika kumi na nane. Halafu inakatika saa tisa na dakika hamsini. Jumatano saa sita na dakika thelathini na tano.

Nikavaa miwani, nikasoma mara ya pili.

"Fahmo. Hizi ni saa za adhana."

"Ndiyo, na mimi huwa nimetoka…"

"Mimi huifunga."

"Unafunga nini?"

"Hiyo. Kifuniko chake. Adhana ikianza, redio inazimwa. Tangu nizaliwe inazimwa. Hii nayo inapiga tik tik mwadhini anaita! Naifunga taratibu, nikimaliza kusali naifungua kama nilivyoikuta."

Nikangoja anigombeze, na ningekubali. Akaweka paji la uso juu ya meza, mabega yakatikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

"Ulisema nisiguse waya," nikamwambia.

"Ayeyo, ukiifunga inalala. Pampu ilikuwa inaendelea. Boya lilipanda likapiga kelele na hakuna aliyekuwa macho kulisikia." Akainuka ghafla. "Na Merti wataifunga vilevile. Kila siku. Mara tano."

Akavuta kile kisanduku cha taa nyekundu, akakiandikia kazi mpya hadi jioni. Alinieleza mara mbili. Laptopu iwe inakiambia "nipo" kila nusu sekunde. Kisiposikia "nipo" kwa sekunde tano, kizime pampu bila kumwuliza mtu. Nikauliza, sasa mkubwa ni nani, kisanduku au laptopu? Akasema inategemea. Nikaacha hapo.

Alhamisi Mzee Jirma alifika na Umuro, mlinzi wa pampu. Wakavua viatu, wakakaa, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia. Fahmo akaeleza foleni yake ya matukio.

"Hiyo ni herega," Jirma akasema. "Zamu ya kisimani. Ng'ombe wa mtu wanakunywa waishe, ndipo wa mwingine wanaitwa."

"Ndiyo hiyo, Mzee. Ila kompyuta huweza kulala."

"Na kompyuta inalala?" Umuro akauliza. "Mimi nikilala mnanikata mshahara!"

Pampu ilikuwa inasukuma, maji yakikaribia juu, adhana ikaanza. Tik, tik. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Lakini Mzee Jirma alikuwa karibu zaidi. Bila hata kutazama, kama mtu anayezima redio kwake, aliifunga laptopu.

Tik ikanyamaza. Pampu haikunyamaza.

Fahmo akanishika kanga. Nikahesabu kwa tasbihi: moja, mbili. Maji yalikuwa vidole vitatu chini ya ukingo. Tatu. Nne. Umuro aliinua miguu yake kutoka kwenye mkeka. Tano.

Pampu ikazima.

Jirma akageuka akaitazama ndoo, kisha kifuniko, kisha mkono wake mwenyewe. "Nimefunga mimi?"

"Umefunga wewe, Mzee," Fahmo akasema.

Akapitisha kiganja chini ya stuli, kwenye maua ya kijani. Akakiangalia. Kikavu.

"Tusali kwanza," akasema. "Halafu utuambie Merti unakuja lini. Na huyu mama aje pia."

Nikamuuliza nije kufanya nini, mimi sijui kitu. Fahmo akajibu kwa niaba yake, "Kufunga, Ayeyo. Tutajaribu kila adhana."

"Sasa ninaruhusiwa kugusa?"

Walikuwa wanagombania birika la kutawadhia.