Tanuri la Mama Avdotya

Gari la kanali lilikuwa limeshaanza kuteleza juu ya theluji kuelekea mjini, na yeye bado anapiga kelele kutoka ndani ya koti lake la manyoya.

"Pafnuti! Ghala lijae mikate mikavu kabla baridi haijaisha! Na nikisikia mtu kaoga ndani ya tanuri, cheo chako utakivua!"

"Nimesikia, afande!" akajibu Sajini Pafnuti, mtunza ghala, akipiga saluti kwa mkono mmoja na kujikuna kwa wa pili.

Kujikuna ndiyo ilikuwa kazi ya kikosi kizima. Askari walikuwa wamepangiwa malazi katika nyumba za wanakijiji, wakingoja theluji iyeyuke waende kupigana na Mturuki, na chawa walijiunga na jeshi bila kuitwa. Kibanda pekee cha kuogea kilikuwa kimeshafanywa kuni na wapanda farasi waliotangulia. Katika vijiji vya huko, asiye na kibanda huoga ndani ya tanuri la mkate: mkate ukitoka, unatandika majani makavu, unajipenyeza na ndoo yako, unatoka umeiva.

Kanali aliogopa kuni zitaishia migongoni mwa watu. Pafnuti aliogopa homa ya chawa, maana mgonjwa hakaushi mkate. Basi akapanga mwenyewe: asubuhi mkate, jioni watu, kwa joto lililobaki, bila gogo la ziada. Alibeba bunduki nusu ya umri wake ndipo akapewa kile cheo. Sasa amekiweka juu ya kipande cha sabuni.

"Unatetemeka nini, sajini?" aliuliza Mama Avdotya, mjane mwenye tanuri kubwa kuliko yote.

"Kuna mkaguzi anakuja, mama."

"Na aje. Kwani yeye hana mgongo?"

Mkaguzi akaja. Meja Ristern, Mjerumani wa pwani ya Bahari ya Baltiki katika jeshi la Malkia, tumbo likimtangulia kama mpiga ngoma. Akaonja mkate mkavu ghalani, akatikisa kichwa kuridhika, kisha akatangaza kwamba matanuri yote ni mali ya Malkia, na atakayebomoa hata tofali moja atakula viboko. Halafu akaingia kwa Mama Avdotya, akakuta miguu miwili imechomoza tanurini.

"Nani huyu?"

Pafnuti alihisi cheo kikimtoka begani. "Koplo Guri, afande."

"Bado hajaiva, Bwana Meja," akasema Mama Avdotya. "Mgongo umebaki."

Meja hakucheka. Lakini alijikuna kwapani, kisha shingoni, na mjane akaona.

"Chawa hawaulizi cheo, bwana mkubwa. Joto lipo, maji yapo. Vua."

"Mimi ni mkaguzi!"

"Basi kagua na ndani."

Guri akatoka, Meja akaingia, kichwa mbele. Wakasikia maji, wakasikia wimbo wa kanisani. Kisha wimbo ukakatika.

"Sajini."

"Afande."

"Sitoki."

"Umenogewa, afande?"

"Nimekwama, mpumbavu wewe!"

Guri akachukua shoka. "Tuuvunje mdomo wa tanuri?"

"Usithubutu!" ikasikika sauti kutoka gizani. "Mali ya Malkia!"

Pafnuti naye akamzuia. Unga wa kesho ulikuwa umeshakandwa, unaumuka pembeni. Mama Avdotya akaleta mafuta ya bata bukini. Wakampaka pale mikono ilipofika, wakashika mguu mmoja mmoja, wakavuta. Meja akatoka kama ndama anayezaliwa kinyumenyume, mwekundu, hana chawa hata mmoja.

Akajifunga shuka, akaketi.

"Mnaoga kila jioni?"

"Mkate ukishatoka tu, afande. Kuni ni zilezile."

"Na kanali?"

"Amekataza."

Meja akautazama mdomo wa tanuri. "Leo mimi sikuingia nyumba hii."

"Kuingia hukuingia," akasema Mama Avdotya. "Ulitoka tu."

Ghala lilijaa kabla theluji haijayeyuka. Kanali alisifiwa kwa kuwa na wagonjwa wachache, akapandishwa cheo. Pafnuti alibaki sajini, akafa kwa kuhara vitani, ng'ambo ya mto Danubi, kiangazi kilichofuata. Guri alirudi na mguu mmoja, akamwoa Mama Avdotya. Meja Ristern alistaafu, akajenga nyumba kwao, akamwagiza fundi amwekee tanuri lenye mdomo mpana.