Mti Unaoita Ng'ombe

Goma udongo hauchimbwi, unaletwa. Kwa hiyo Baharanyi, mtunza bustani wa Papa Rodrigue pale mtaa wa Himbi, alivunja mawe ya volkano kwa mtaimbo siku tatu, akapata shimo la kumfika kiunoni, akalijaza magunia saba ya udongo mweusi uliotoka kwa lori shambani kwa bosi wake huko Masisi. Humo akapanda mti wa Mama Lucie, mke wa bosi. Ulikuwa mti wa mapambo, ulioletwa kutoka Ulaya ndani ya chungu, wenye maua meupe ya petali nne.

Mwaka wa pili mti ulichanua, na saa kumi na mbili jioni ukaanza kuita ng'ombe.

Uliwaita kwa majina, kama wachungaji wa Masisi wanavyofanya wakati wa kukamua: Bihogo, Gaju, Gitare, mpaka wakatimia kumi na mmoja. Mama Lucie aliuliza kama mti unataka maji zaidi. Baharanyi alisema hapana. Sauti ilikuwa ya Éphraïm, mdogo wake, aliyebaki mlimani kwao Masisi na ng'ombe wa familia, wakati wengine walipokimbia vita. Papa Rodrigue, ambaye sasa ndiye mwenye mlima huo na shamba lake, alikuwa amemwambia kwamba Éphraïm alimuuzia kila kitu, akavuka kwenda Uganda. Baharanyi aliamini. Alihitaji kazi, na kuamini kulikuwa sehemu ya kazi.

Siku ya nne jioni, mti ukiita, ng'ombe walifika. Walikuwa wametembea kutoka Masisi kupitia mji wa Sake bila mchungaji, wakasimama getini wakisubiri kukamuliwa. Baharanyi aliwafungulia. Walikwenda moja kwa moja kwenye shina la mti, wakaanza kulamba udongo.

Papa Rodrigue alitoka na kikombe cha kahawa. Alimkuta Baharanyi ameshika mtaimbo. Walinzi wawili wakasogea karibu.

"Patron, ile sauti ni ya petit frère yangu," Baharanyi alisema. "Eko mu huu udongo."

Papa Rodrigue alisikiliza mpaka jina la mwisho. Hakubisha.

"Njo yeye," alikubali. "Uko na batoto ngapi, Baharanyi?"

"Batano, patron."

"Basi. Mama anasema muti umeinama, udongo haukutosha. Kesho utaenda na camion, ulete ingine. Palepale ile ya kwanza ilitoka."

Mtaimbo ukarudi stoo. Ng'ombe wakapakiwa, wakarudishwa Masisi jioni ileile.

Asubuhi Baharanyi alipanda lori. Mlimani, dereva alimwonyesha mahali palipoota nyasi ndefu kuliko kwingine, akampa jembe. Baharanyi aliliweka kando. Alipiga magoti akachimba kwa mikono, konzi kwa konzi, akilia bila kuficha. Dereva alimwambia afanye haraka, mvua inakuja. Baharanyi alijibu kwamba anamaliza. Alifunga mdomo wa gunia la kwanza, kisha akaulegeza kidogo, ili mdogo wake apate hewa.