Picha ya Msuka Haivuki Bure

Barua ya Mhariri niliipokea Konde, dukani kwa Khatib, maana posta yetu sisi watu wa kaskazini ya kisiwa ni mfuko wa shati la dereva, na dereva akishuka kunywa chai hushuka na posta yote. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo hazina haja ya kutajwa mbele za watu, na kazi moja ya maana: mwandishi wa kujitegemea wa gazeti moja la Dar es Salaam. Gazeti lilinilipa elfu nne kwa kila makala iliyotoka. Isiyotoka ilikuwa sadaka yangu kwa taifa.

Nikaifungua barua pale pale, nikamsomea Khatib kwa sauti ya mtangazaji:

"Ndugu Mjaka, makala yako ya wakulima wa mwani wa Msuka imetupendeza. Tutaitoa Jumapili ya wiki ijayo, ukurasa mzima. Tafadhali tutumie picha zisizopungua tatu. Kuanzia sasa waandishi wote wa nje wataleta picha pamoja na makala. Malipo ya makala yatabaki kama yalivyo."

"Ukurasa mzima!" nikasema. "Khatib, umesikia? Tangu nianze kuandika hawajawahi kunipa hata robo. Makala yangu ya karafuu waliibana chini ya tangazo la vifo, watu wakadhani mimi ndiye marehemu."

Khatib alikuwa anapima sukari. "Huo mstari wa mwisho umeuona?"

"Nimeuona."

"Umeuona ukauruka."

Nilikuwa nimeuruka, kweli. Nikarudi nikausoma taratibu, na furaha ikapungua kama sukari kwenye mizani ya Khatib. Filamu elfu mbili na mia tano. Kuisafisha, pesa nyingine. Nauli ya Msuka kwenda na kurudi, bahasha ya kupandisha boti. Ukijumlisha, mimi ndiye niliyekuwa namlipa Mhariri.

Lakini ukurasa mzima ni ukurasa mzima. Tena nilikuwa nimewaahidi akinamama wa Msuka kwamba nchi nzima itawasoma, na walistahili. Mnunuzi wao wa mwani alikuwa na vijana wake wa kubeba magunia kutoka pwani hadi barabarani, kwenye lori. Siku moja wakala wake akaja na habari mpya: kuanzia sasa magunia mtayafikisha barabarani wenyewe, bei ya kilo ni ile ile. Akinamama wakamsikiliza hadi mwisho, wakamkaribisha maji, wakayarudisha magunia ndani ya banda la Bi Time, mwenyekiti wao, wakaufunga mlango. Wiki tatu. Wiki ya nne lori likaja na vijana wa kubeba. Hiyo ndiyo iliyokuwa makala yangu.

Nikenda kwa Agustino. Huyu ni mpiga picha wa Konde, mtu wa bara aliyekuja kumtembelea kaka yake, mwalimu, likizo ya mwezi mmoja, akasahau kurudi kwa miaka sita. Nikampa barua. Aliisoma mara mbili.

"Ngoja nikuulize," akasema. "Mtu akija hapa nimpige picha ya paspoti, halafu aniambie, Agustino, wakati unasubiri ikauke, niandikie na barua ya kuomba kazi, bure. Nimwambieje?"

"Umwambie aje kwangu."

"Bwana wee, mimi nasema mambo ya maana." Lakini alikuwa tayari anaitoa kamera kwenye mkoba. "Zimebaki sita kwenye hii filamu, nyingine zimeliwa na harusi ya Wete. Sita tu. Ukipiga kuku, shauri yako."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mwandishi wa Dar asingelifanya, kwa sababu mwandishi wa Dar angetokea tu. Mimi nimelelewa. Nikamtuma dereva wa gari ya Msuka apeleke salamu kwa Bi Time: kesho bamvua, maji yakishakupwa, nakuja kuwapiga picha ya gazeti.

Siku za bamvua maji hukimbia mbali sana, na ndizo siku za kuvuna mwani. Ni chache, na kila mwanamke wa Msuka anazihesabu. Nilifika kama saa nne asubuhi nikitarajia kuwakuta kwenye matope hadi magotini, migongo imeinama, kamba mikononi. Nilishaziona picha zangu kichwani.

Nikawakuta pwani, kumi na wanne, wamepangana kivulini kama wanaosubiri bwana harusi. Kanga mpya zenye kunukia duka. Wanja. Hina hadi kwenye vifundo. Udi ulikuwa unanuka kuliko mwani, na hilo si jambo dogo. Bibi Bimkubwa, mkubwa wao wote, alikuwa amevaa viatu. Viatu, pwani!

"Shikamooni," nikasema, kamera imening'inia.

"Marahaba. Huyu hapa mume wangu," akasema Bimkubwa, ambaye ananiita hivyo tangu nikiwa sijui kufunga kifungo. "Kachelewa, lakini nimensamehe. Tupange."

"Bibi, mmependeza, wallahi. Lakini mimi nilitaka mkiwa kazini. Na nguo za kazi."

Wote wakasema kwa pamoja.

"Nguo za kazi?"

"Ntu apigwe picha na matope?"

"Weye picha yako ya kitambulisho ulivaa shati la kupandia minazi? Si uliazima koti la mjomba'ko, tena lilikupwaya!"

"Mawifi zangu wako Tanga," akasema Bimkubwa, na hilo alilisema bila utani. "Gazeti litafika Tanga. Miaka arubaini nawaambia nimeolewa pazuri. Leo wanione nimeinama nimewapa nyonga?"

Nikaeleza mambo ya uhalisia. Nilijifunza neno hilo kidato cha tatu na sikuwahi kupata nafasi ya kulitumia. Hata hapo sikuipata. Wakajipanga mistari miwili, warefu nyuma, wakakaza nyuso kana kwamba kamera inawadai. Nikawaomba wacheke kidogo. Bimkubwa akasema anayecheka pichani ni asiye na lake. Nikapiga moja, mbili, tatu. Ya nne mtu alipiga chafya. Ya tano Bimkubwa alitaka aonekane na viatu, nikapiga na viatu.

"Imebaki moja," nikasema.

"Iweke," akasema Bi Time. "Maji hayatungoji." Na papo hapo akinamama wakaanza kujifunga kanga kuukuu za kazi juu ya zile mpya, wengine wakivua vipuli vya kuazima na kuvifunga kwenye pindo. Bi Time naye alikuwa anajikaza kanga kiunoni, na katikati ya kufunga fundo akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Mjaka mwanangu, hii picha wanakulipa ngapi?"

"Ya makala wananipa elfu nne."

"Ya makala umeshaniambia. Nauliza ya picha."

Nikaiangalia kamera. "Picha imo humo humo, Bi Time."

"Imo wapi?"

"Kwenye elfu nne."

"Na zamani, bila picha, ilikuwa ngapi?"

Nilitaka kuleta neno la kuchekesha. Ndiyo kazi yangu nikiwa na watu. Badala yake nikapangusa kioo cha kamera.

"Elfu nne," nikasema.

Walinitazama. Kumi na wanne, na wanja wao. Mwanzo alicheka mmoja nyuma, akajiziba mdomo. Halafu Bimkubwa akapiga makofi, na hapo pwani yote ikaanguka.

"Kumbe nawe unabebeshwa gunia!"

"Tena hadi Dar es Salaam! Sisi ilikuwa barabarani tu!"

"Na ndiye alokaa barazani kwangu siku mbili," akasema Bi Time, machozi yakimtoka, "ananiuliza, Bi Time, mlipata wapi ujasiri wa kukataa? Kaandika na kalamu!"

Walicheka hadi wakashikana mabega, kanga zimefungwa nusu, wanja ukiwatiririka. Nikainua kamera nikapiga ya sita. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kujificha nyuma ya kitu.

Bi Time alipopata pumzi akaniwekea mkono begani. "Sikupangii, mwanangu. Lakini picha hiyo ina sura yangu, nami sina desturi ya kwenda kwa ntu bure. Maneno waachie, hayo wanayalipia. Picha wakiitaka, ina bei yake, kama mwani."

"Watanikata, Bi Time. Wamesema ukurasa mzima, kwa picha."

"Kwani nusu haisomeki?" akasema, akaingia baharini.

Rahisi kwake. Siku ya tatu Agustino aliponiita kuziona picha, nilitamani angeziunguza. Tano za kwanza zilikuwa kama picha za harusi ambayo bwana harusi hakutokea. Ya sita ilikuwa kitu kingine. Wanawake kumi na wanne wanacheka, kanga mpya na kuukuu zimefungwa pamoja, Bimkubwa kiatu kimoja mkononi, nyuma yao maji yamekimbia na vigingi vya mwani vimesimama hadi macho yanapoishia.

"Hii," akasema Agustino, "ikitoka gazetini unaitwa Dar kesho yake. Mimi nimepiga miaka kumi na moja sijapata hii."

"Usiniambie."

"Nakuambia. Sasa utafanyaje?"

Nikaitia picha mfukoni, nikaitoa, nikaitia. Usiku ule niliandika barua mbili. Moja ilikuwa na picha ndani. Asubuhi nikaipeleka ile nyingine, isiyo na picha: kwamba makala mnayo, na picha sita zipo, nzuri, na bei yake ni elfu mbili kila moja, pamoja na nakala kwa waliomo.

Siku nne baadaye Khatib akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Simu ya dukani, kutoka Dar.

"Mjaka," akasema Mhariri, "picha sijaziona."

"Zipo, mkuu."

"Nimeona na barua. Nikadhani unatania, maana wewe unajulikana."

"Hata mimi ya kwako nilidhani hivyo hivyo, mkuu."

Khatib, aliyejifanya anapanga sabuni, akazipanga polepole zaidi.

"Sikiliza, kijana. Wa Tanga analeta. Wa Mtwara analeta. Hakuna aliyeniuliza bei."

"Mkuu, makala yangu umeisoma?"

"Nimeisoma, ndiyo maana nakupigia mimi mwenyewe."

"Pale pa magunia umepasoma?"

Nilimsikia akiwasha kiberiti. "Pale ni pazuri," akasema. "Lakini bajeti ya picha sina, Mjaka. Na ukurasa mzima hautoki mtupu. Nifanyie picha moja tu. Moja. Ukurasa wote ni wako, jina lako juu, herufi nene."

Picha ilikuwa mfukoni mwangu wa shati. Niliishika kwa nje, kupitia kitambaa.

"Basi nipe nusu," ikasema sauti. Ilikuwa yangu, na nilishangaa kama alivyoshangaa Khatib.

"Nusu tu?"

"Nusu inasomeka, mkuu."

Jumapili ya Dar hufika Konde Jumanne. Nusu ukurasa, chini yake tangazo la mabati. Jina langu lipo, herufi nyembamba. Walikuwa wameikata makala mkiani, na mkiani ndiko nilikokuwa nimemweka Bimkubwa, maneno yake neno kwa neno. Niliisoma mara tatu nikitumaini atatokea. Hakutokea.

Hata hivyo sikuwa na huzuni, na si kwamba najitia moyo. Akinamama walishatuma ujumbe kwa Agustino kwamba kila mmoja anataka nakala yake, ya kwenye mistari, Bimkubwa ya kwenye viatu, na pesa zikaja zimefungwa kwenye leso kabla picha hazijatoka. Agustino akanipa nusu. "Aliyepiga ni wewe," akasema, akakataa mjadala. Ya kucheka hakuna aliyeinunua isipokuwa Bi Time, ambaye aliibandika ndani ya mlango wa banda la magunia ili, kwa maneno yake, wakala aione kila akija kupima.

Alasiri nikawapelekea gazeti. Wakakaa barazani kwa Bi Time, mwani ukikauka uani, nikasoma. Wakala alipofika na habari yake wakaguna. Magunia yaliporudi bandani wakapiga vigelegele kana kwamba hawakujua yatarudi. Wiki ya tatu ikapita, lori likaja, na mistari ikaisha. Chini yake picha ya mabati yaliyopangwa: Mabati Imara, Geji Zote.

Bimkubwa alikuwa amesogeza mkeka hadi magotini kwangu. "Haya, mume wangu. Sasa pangu."

Bi Time, aliyekaa nyuma ya bega langu na anayesoma vizuri kuliko mimi, aliinama akaliona bati. Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha akakohoa kidogo.

"Soma, Mjaka," akasema. "Mbona umesita?"

Nikakohoa na mimi. Nikaweka kidole juu ya bati la kwanza, nikaendelea.

"Bibi Bimkubwa, mkulima mkongwe kuliko wote, alisema: Mgongo wangu nimeuazima kwa Mwenyezi Mungu, siwezi kuukodisha bila kumuuliza."

"Sikusema mkongwe," akasema Bimkubwa. "Na sikusema siwezi. Nilisema sithubutu. Gazeti gani hilo linalokosea?"

Nikalisogeza karibu na macho, nikalikazia. "Ah, samahani, Bibi. Ni wino. Wameandika hapa, sithubutu."

"Na huyo mkongwe?"

Nikashuka bati moja chini. "Hayupo. Wameandika, mwanamke wa makamo."

"Ehee," akasema, akajiegemeza ukutani, akakunjua miguu. "Rejea tangu mwanzo. Taratibu, huyu mwenzetu Hija hakusikia."